Mji uliokatwa katikati: niliyoyasikia kwa watu wa Nicosia

Mkazi wa Lefkosha (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Kwenye uzi wa vyuo vya nje wengi wameniuliza pembeni maisha ya Nicosia yakoje, nami nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika hapa kwa awamu. Sitagusa ada wala mabweni, hayo yameandikwa hadi basi. Nataka kuwazungumzia wenyeji: wanaishije kwenye mji wenye serikali mbili, sarafu mbili na askari wa Umoja wa Mataifa katikati, na kila mmoja anajihesabu kuwa nani.

Kwa asiyejua, haraka haraka. Kupro ni kisiwa cha Mediterania ya mashariki, koloni la zamani la Mwingereza, ndiyo maana magari yanapita kushoto na soketi za ukutani ni za matundu matatu kama zetu. Uhuru 1960: Wagiriki wengi, Waturuki wachache, katiba ikagawa vyeo kwa asili, Rais Mgiriki na Makamu Mturuki. Desemba 1963 watu wakaanza kuuana humu Nicosia, na jenerali wa Kiingereza, Peter Young, akachora mstari kwa penseli ya kijani juu ya ramani kuwatenganisha. Mpaka leo unaitwa Mstari wa Kijani. Tarehe 15 Julai 1974 utawala wa kijeshi wa Athens ukafanya mapinduzi dhidi ya Rais Makarios, siku tano baadaye jeshi la Uturuki likashuka, likashika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Wagiriki wakakimbilia kusini, Waturuki wakahamia kaskazini. Mwaka 1983 kaskazini ikajitangaza jamhuri, na anayeitambua ni Uturuki peke yake.

Mji wa kale umezungushiwa ukuta wa Waveneti (watu wa Venice, Italia) wa karne ya 16, duara kabisa, wenye ngome 11 zilizochomoza nje. Tano ziko kusini, tano kaskazini, moja imeangukia katikati kwa Umoja wa Mataifa. Hata mtu angekaa na rula asingegawa hivyo.

Mimi niko kaskazini, wenyewe wanapaita Lefkoşa. Niliingia kwa uwanja wa ndege wa Ercan kama karibu wanafunzi wote Waafrika wa huku. Jamhuri ya Kupro, ile ya kusini inayotambuliwa na dunia, haiuhesabu Ercan kuwa mlango halali. Kwa hiyo mtaa wa Ledra wenye maduka na vijana wa kizungu wanaokula aisikrimu, mimi nauona. Kuukanyaga siwezi.

Hali hiyo ndiyo iliyonifundisha namna ya kuongea na watu. Mwanzo nilikuwa nauliza, wewe ni Mturuki au Mkupro? Wananikwepa, au wananipa hotuba. Siku hizi nauliza, wewe unavuka? Kwa karatasi gani? Hapo mtu anavuta kiti.

Naanza na mama mwenye nyumba.

Ana miaka sabini na ushei, mzaliwa wa kijiji kimoja cha upande wa Paphos, kusini magharibi. Kizungu chake ni kizuri kuliko changu. Nilipomuuliza lile swali akafungua droo akanitolea vitu vitatu, akavipanga mezani kama karata. Kitambulisho cha kaskazini: hiki cha pensheni na kupigia kura. Pasipoti ya Uturuki: hii aliichukua zamani, wakati hakuna njia nyingine ya kutoka kisiwani. Pasipoti ya Jamhuri ya Kupro, nyekundu, ya Umoja wa Ulaya: hii aliipata baada ya vivuko kufunguliwa Aprili 2003, ndiyo ya kwenda kumwona binti yake London.

Nikamwambia, sasa mama, wewe hasa ni nani? Akacheka. "Inategemea anayeuliza amevaa sare gani."

Halafu akawa hacheki tena. Aliniambia Wagiriki wakisimulia habari ya kisiwa wanaanzia 1974. Yeye anaanzia 1963, alipokuwa mtoto wa shule, na miaka iliyofuata Waturuki wakiishi wamebanana kwenye vijiji vilivyozungukwa na vizuizi vya barabarani. Akasema ukitaka kujua unaongea na nani hapa, usimuulize dini wala lugha, msikilize anaanzia mwaka gani. Nimeujaribu ushauri huo, haujawahi kuniangusha.

Nyumba anayonipangisha si ya ukoo wake. Waliposogezwa kaskazini mwaka 1975 waliacha kusini nyumba, mizeituni na shamba la karanga. Serikali ya kaskazini ikawapigia hesabu ya walichoacha, ikawapa mali ya Mgiriki aliyekimbia, na hati yake. Sasa sikilizeni hii, maana mimi ilinichukua muda kuamini: matangazo ya nyumba huku yanataja aina ya hati kabla ya idadi ya vyumba. Hati ya Kituruki ya tangu kabla ya 1974 ndiyo ghali, maana hakuna wa kuja kuidai. Hati ya kubadilishana kama ya mama, bei inashuka. Ile ya kugawiwa bure, inashuka zaidi. Historia yote ya kisiwa iko kwenye bei ya kiwanja.

Je, anaiona ni yake? "Nimezaa humu, nimemzika mume wangu nikiwa humu. Lakini dari sijawahi kubadilisha." Sikumchimba zaidi.

Naendelea kesho, nina kipindi asubuhi.

NauliKamili

Mkuu umeandika vizuri sana, lakini usituache njia panda kama wale wengine. Swali moja: huo mpaka unakaaje? Ni ukuta kama wa Berlin wa kwenye picha?

Mkazi wa Lefkosha

@NauliKamili hapana, na hiyo ndiyo ajabu yake. Huku kwenye mji wa kale ni mapipa yaliyojazwa zege, nyaya za miba, mbao, mabati, na mara nyingi ni nyumba ya mtu tu iliyozibwa madirisha kwa tofali. Unatembea kwenye kichochoro, unapita fundi viatu, unapita paka wawili, kichochoro kinakatika. Ukanda mzima una urefu wa kilomita kama 180 kukatiza kisiwa. Mashambani unafika kilomita kadhaa kwa upana, ila kuna mahali humu mjini ni mita tatu na kidogo. Baraza kwa baraza. Uwanja wa ndege wa zamani wa Nicosia nao uko ndani ya ukanda huo, haujarusha abiria tangu 1974, na ndege moja chakavu imesimama pale pale hadi leo.

Sasa kinyozi.

Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, na kwa taarifa yenu ndiye pekee mtaani kwetu anayejua kunyoa nywele zetu bila kuzichuna. Anasema wanafunzi wa Kiafrika wamemfundisha kazi upya. Amezaliwa hapa hapa Lefkoşa, hospitali iko umbali wa kutembea kutoka kwenye kivuko. Wazazi wake walikuja kutoka Hatay, Uturuki, kutafuta kazi.

Nikamuuliza unavuka? Akanionyesha kioo, yaani mimi na yeye tumo humo humo. Kwa sheria za kusini, aliyekuja kutoka Uturuki baada ya 1974 ni mlowezi aliyeingizwa na jeshi vamizi, na mtoto wake naye hana haki ya uraia. Kwa hiyo mtoto huyu wa Nicosia hajawahi kufika nusu ya pili ya Nicosia. Mama mwenye nyumba, aliyezaliwa mbali kabisa huko Paphos, anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo na mfuko wa vitu vya dukani.

Yeye anajiita Mkupro. Akienda kwa babu yake Hatay wanamcheka lafudhi wanamwita mtu wa kisiwani. Akirudi hapa, wazee wenye asili ya hapa wakikasirika wanamwita mtu wa Uturuki, na hawamaanishi jambo zuri. Wanasema wageni wa aina yake wamejaa mpaka wenyeji wamemezwa, na kwamba Ankara inapanga kila kitu. Nimewasikia watu waungwana kabisa wakisema hivyo mbele yake akiwa ameshika wembe.

Halafu yupo rafiki yake anayekuja kukaa pale saluni. Mama Mturuki wa Kupro, mwenye pasipoti ya Kupro. Baba wa Uturuki. Wamepeleka maombi ya uraia ya watoto miaka na miaka, kimya. Ziko familia nyingi za namna hiyo na wamekuwa wakiandamana. Hebu fikirini: mama anavuka, watoto wanabaki upande huu wanamsubiri aje na zawadi.

PembaLeicester

Assalaam alaykum. Kaka Mkazi, ahsante kwa uzi huu. Mie niko upande wa pili wa hadithi yako, basi nichangie kidogo ukiniruhusu.

Mie mzaliwa wa Pemba, nimekulia Uingereza, nimeolewa na Mgiriki wa Kupro wa London. Wakwe zangu walirudi kwao baada ya kustaafu, wanakaa Kaimakli, kitongoji cha Nicosia kusini kilichopakana na huo mstari. Kila tukenda huko, mie navuka nikitaka. Unatoa pasi ya Kiingereza kwa polisi wa Kigiriki, unatembea hatua chache baina ya majumba yaliyofungwa, unatoa tena kwa Mturuki dirishani, wanaitia kwenye mashine, umeshafika. Nimekwenda kula zile kaimati zao karibu na kivuko na kurudi kabla chai haijapoa nyumbani. Rangi yangu na yako moja, lugha moja, na pengine hata wale askari wanatufananisha. Kilichotafautiana ni jalada la kitabu.

Lakini nataka kukuhadithia habari ya baba mkwe, kwani yeye ana pasi zote na havuki.

Kwao ni kijiji karibu na Kyrenia, pwani ya kaskazini. Aliondoka Julai 1974 akiwa kijana, na nguo alizovaa. Vilipofunguliwa vivuko mwaka 2003 watu walipanga foleni usiku kucha kwenda kuona nyumba zao, mama mkwe mmoja wao. Alikwenda, alipokelewa vizuri, akapewa kahawa sebuleni kwake mwenyewe, akarudi akaugua wiki nzima. Baba akakataa. Mpaka leo anasema: "Nitoe pasipoti nani anipigie muhuri kwenda kwetu? Nikiitoa nimeshakubali kuwa ule ni mpaka."

Na ile mihuri yenyewe na vile vikaratasi vya kujaza vilishaondoshwa mwaka 2015. Hilo kwake si hoja.

Kinachomuudhi zaidi ni petroli. Lira ya Kituruki ilipoporomoka, mafuta ya kaskazini yakawa rahisi, basi watu wa kusini wanavuka na magari kwenda kujaza. Mjukuu wake mmoja hufanya hivyo. Siku aliyojua, mzee hakula. Kijana anamjibu: "Babu, mimi sikufukuzwa na mtu, mimi nimeishiwa mafuta." Nyumba ikawaka moto, sote tukakimbilia jikoni.

NauliKamili

Hahaha huyo mjukuu namwelewa.

PembaLeicester

Wote wanamwelewa ila babu. Lakini sikiliza jengine, hili halisemwi sana. Waliokimbia kaskazini walipewa vitambulisho vya wakimbizi, na vitambulisho hivyo vina faida: ruzuku ya kujengea nyumba na mengineyo. Kwa miaka mingi hadhi hiyo ilirithiwa kwa baba tu. Shemeji yangu wa kiume kaoa mwanamke wa Limassol, mji wa kusini, ambaye hakukimbia popote, watoto wake wakawa wakimbizi. Wifi yangu, aliyebebwa mgongoni 1974, kaolewa na mtu wa Limassol, watoto wake wakawa si wakimbizi. Damu moja, bibi mmoja, meza moja ya Pasaka. Wifi akiligusia jambo hili husema yeye aliporwa mara mbili, na mara ya pili haikuwa na Waturuki.

Jiwe la Pembeni

Mnazungukazunguka wakuu. Semeni ukweli: hii ni vita ya Waislamu na Wakristo, basi. Mengine ni mapambo.

Mkazi wa Lefkosha

@Jiwe la Pembeni karibu mkuu, ila hapo sikubali.

Kwanza hawa Waturuki wa Kupro ni watu wa dini kiasi gani, njoo ukae nao mwezi wa Ramadhani utaona. Ugomvi mkubwa wa mama mwenye nyumba na Ankara ni kwamba wanajenga misikiti mingi kuliko shule. Hayo ni maneno yake na anayasema kwa sauti.

Pili, kilichogombaniwa miaka ya 1950 ni kisiwa kiwe cha nani Mwingereza akiondoka. EOKA, wapiganaji wa Kigiriki, walitaka kiunganishwe na Ugiriki. TMT, wapiganaji wa Kituruki, walitaka kigawanywe. Na makundi yote mawili yaliwaua watu wao wenyewe waliokataa kufuata mstari. Tarehe 11 Aprili 1965 Derviş Ali Kavazoğlu, Mturuki, na Kostas Misiaoulis, Mgiriki, wote wana wa vyama vya wafanyakazi, walipigwa risasi wakiwa kwenye gari moja, barabara ya Nicosia kwenda Larnaca. Kosa lao lilikuwa kusafiri pamoja na kusema kisiwa ni kimoja. Hiyo weka wapi, msikitini au kanisani?

Na dini ingekuwa ndiyo kisu, kinyozi wangu Mwislamu angekuwa ndugu wa Waislamu wenzake hapa. Umesikia wanavyomwita.

PembaLeicester

Naongeza juu ya kaka. Jirani wa wakwe zangu ni bibi wa Kiarmenia, mshonaji. Katiba ya 1960 ilitambua jamii mbili tu, basi Waarmenia, Wamaroni na Walatini (Wakristo wachache wa madhehebu mengine) wakaambiwa wachague waingie wapi. Waarmenia wakachagua upande wa Wagiriki. Taabu ni kuwa mtaa wao, mtaa wa Victoria, ulikuwa ubavuni mwa Waturuki. Ilipozuka 1963 wakatolewa. Wengi wao ni watoto wa waliokimbia mauaji ya 1915, kwa hiyo bibi yule anasema kwao kufunga virago ni kazi ya ukoo.

Kanisa lao la kale liko kaskazini, lilikaa gofu miaka chungu nzima, likatengenezwa na mafundi wa pande zote mbili, na mwaka 2014 wakasoma misa ya kwanza baada ya nusu karne. Bibi alikwenda. Nikamuuliza ulijihisi umerudi nyumbani? Akanambia alijihisi mgeni wa heshima, na kuwa ni vyengine kabisa. Kisha akaniuliza mie: "Na wewe ukiulizwa, unasema Mwingereza au Mwafrika?" Nikamwambia mie Mpemba. Akafurahi sana, akasema huo ni mji mdogo kama wake.

Jiwe la Pembeni

Sawa, hoja ya wale wawili kwenye gari sikuwa naijua. Lakini basi kwa nini hawamalizi? Miaka hamsini!

Mkazi wa Lefkosha

Walikaribia. Aprili 2004 kulikuwa na kura ya maoni juu ya mpango wa Kofi Annan. Waturuki wa Kupro asilimia 65 wakasema ndiyo, Wagiriki asilimia 76 wakasema hapana. Wiki moja baadaye kusini ikaingia Umoja wa Ulaya bila suluhu. Kila mtu huku anaikumbuka kura ile kama posa iliyokataliwa. Wa kusini watakwambia mpango ulikuwa unabakiza askari wa Uturuki na unawanyima wengi nyumba zao, na ukiusoma si uongo. Julai 2017 wakajaribu tena Uswisi, kule Crans-Montana, yakavunjika usiku. Oktoba 2025 kaskazini wamemchagua Tufan Erhürman kuwa rais, anayetaka kurudi mezani. Watu wangu wa kahawa walishangilia siku mbili wakarudi kwenye bei ya nyama.

Na sasa niwaletee huyo wa kahawa, fundi wa plasta. Huyu nimemweka mwisho kwa sababu nampenda.

Ni Mturuki wa Kupro, kapita sitini, ana mikono kama jembe. Kila alfajiri anavuka kwenda kufanya kazi kwenye majengo ya kusini, analipwa kwa yuro, jioni anarudi kuishi kwa lira. Mtaani anaonekana tajiri, kule kusini ni kibarua. Kigiriki anakiongea cha kijijini, cha kabla ya vita, na vijana wa kule wanamwambia anaongea kama babu zao. Tunacheza tavla, mchezo wao wa dadu na kete, jioni, ananifunga, ananiambia habari.

Alinipa kisa cha majira ya baridi ya 2016. Uturuki iliamua isirudishe saa nyuma, kaskazini ikaifuata, kusini ikarudisha kama Ulaya yote. Mji mmoja ukawa na saa mbili. Akitoka nyumbani saa kumi na mbili alfajiri, akivuka anakuta saa kumi na moja, anakaa kwenye ndoo ya rangi kumsubiri tajiri aamke. Mwaka uliofuata kaskazini wakaacha. Anasema ndiyo mara pekee aliyowahi kuona serikali yoyote hapa ikikubali kushindwa na jua.

Ni yeye pia aliyenionyesha jambo ambalo wasomi hapa wanaandikia vitabu. Maji machafu ya pande zote mbili za mji, ya Mgiriki na ya Mturuki, yanakwenda pamoja kwenye mitambo ya Haspolat, kaskazini. Mameya wa pande mbili, Lellos Demetriades na Mustafa Akıncı, walikubaliana mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati wakubwa wao hawasalimiani. Mteremko uko huku, bomba halina namna. Huyo Akıncı baadaye akawa Rais wa kaskazini.

Lakini hili lingine lilinikalia moyoni. Baba yake mdogo alipotea 1964, alikwenda kazini hakurudi. Kisiwa kizima kina orodha rasmi ya waliopotea 2,002: Wagiriki 1,510 na Waturuki 492. Kuna Kamati ya Watu Waliopotea, ya pande mbili pamoja na Umoja wa Mataifa, inayofukua na kupima mifupa. Zaidi ya elfu moja wameshatambuliwa. Miaka kadhaa iliyopita familia ikapigiwa simu: amepatikana, kwenye kisima.

Maabara iko ndani ya ukanda, kwenye eneo la ule uwanja wa ndege wa zamani. Waliowapokea walikuwa wataalamu wawili vijana, mmoja wa huku mmoja wa kule, wakawaelezea pole pole, mfupa kwa mfupa. Shangazi yake akauliza nani alimuua. Wakamwambia kamati haisemi nani wala kwa nini. Ndiyo masharti yaliyowafanya mashahidi waonyeshe makaburi. Akasema basi angalau aambiwe aliyeonyesha kisima. Hilo nalo halisemwi.

Nikamuuliza, na Jumatatu ulikwenda kazini kule? Akasema alikwenda Jumatano. Tajiri wake ni mtu wa eneo lile lile la kisima. Mtu mwema, analipa kwa wakati, alimpa mkono wa pole na bahasha. "Umri wake siujui," akaniambia, "na baba yake alifanya kazi gani siulizi." Akatupa dadu.

Huyu hana shida na swali la yeye ni nani. Ni fundi wa plasta wa Lefkoşa. Nikimletea habari za utambulisho ananiambia nicheze zamu yangu.

NauliKamili

Mkuu hapo umenigusa. Sasa naomba nirudi kwenye la kwangu. Mdogo wangu amepata barua ya chuo cha huko huko kaskazini. Ajenti anatuambia ni Ulaya, akifika anavuka tu. Nikisoma uzi huu naona giza.

Mkazi wa Lefkosha

@NauliKamili mwambie mdogo wako hivi. Kwenye karatasi kisiwa chote kiliingia Umoja wa Ulaya 2004, ila sheria za Umoja huo zimesimamishwa huku kaskazini hadi kuwe na suluhu. Visa ya mwanafunzi ya huku haimpeleki popote Ulaya. Ndege zote za Ercan zinapitia Uturuki. Barua zinakuja kwa anwani ya Mersin, Uturuki. Ubalozi wetu hakuna, maana nchi yetu haiitambui serikali ya huku. Akipata tatizo la karatasi atahangaika. Vyuo vipo na watu wanasoma na kuhitimu, mimi mwenyewe nasoma. Aje akijua anakuja kusoma kaskazini mwa Kupro, si mlangoni mwa Ujerumani.

Na kuvuka kwa njia za panya asithubutu. Mwaka 2021 Wakameruni wawili, kijana wa kiume na wa kike, waliruka kutoka huku wakitaka kuomba hifadhi kusini. Kusini wakawazuia, kurudi kaskazini wanaogopa, wakaishi kwenye hema katikati ya ukanda kwa miezi, joto la Nicosia nalijua mimi. Mwaka 2024 wakakwama tena makumi ya watu wa nchi mbalimbali. Mama mwenye nyumba aliwaona wale wa kwanza kwenye televisheni akanambia, "Sisi tumegombana miaka sitini kuhusu ukanda ule, na waliohamia kuishi humo ni ninyi."

NauliKamili

Nimeelewa mkuu. Nitampigia leo leo, na ajenti nitamuuliza haya mbele yake.

PembaLeicester

Kaka Mkazi, inshaallah tutakuwa Kaimakli mwezi wa Aprili. Ningependa kuonana nawe, na mama mwenye nyumba nimemletea salamu kwani na mie nina binamu karibu na huko kwa binti yake London. Tuonane wapi?

Mkazi wa Lefkosha

Dada karibu sana. Kwangu hakuna njia ya kuja, kwa hiyo ni wewe utakayevuka. Pita kivuko cha mtaa wa Ledra, ukishapita dirisha la pili nitakuwa upande wa kulia kwenye duka la kahawa lenye viti vya bluu. Fundi nitamwambia aje, anavuka kurudi nyumbani jioni hiyo hiyo, mnaweza hata kuongozana. Pasi usiisahau mezani kwa mkwe. Na kama una nafasi kwenye mkoba, karafuu kidogo, za huku ni za makopo na hazina harufu.